Mimea ya ndani kwa asiye na muda: somo la kuanzia, na maswali yenu

Ndugu zangu wa bustani, wengi mmeniomba somo kwa ajili ya wale wanaotoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, wanaopenda sebule iwe na majani lakini kila mche wanaonunua unakufa. Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote: mimea mingi ya ndani inakufa kwa maji, wala si kwa kiu.

Baba akipita na maji aliyobakiza kwenye chupa, anamimina kidogo. Dada wa kazi asubuhi anamwagia, maana ameambiwa maua yamwagiwe. Mtoto naye anakuja na kikombe chake. Mwenye mmea akirudi safari anakuta majani yamelegea, anauonea huruma, anaongeza lita nzima. Kumbe mizizi imekwisha kuoza, na mmea uliooza mizizi hulegea vilevile kama wenye kiu, kwa kuwa hauna tena cha kunyonyea maji. Kwa hiyo wewe msahaulifu usijione una kasoro. Kwa mimea nitakayoitaja, kusahau kwako ni nusu ya matunzo.

Hatua ya 1: Chagua mmea wenye ghala lake

Naweka mbele ZZ, ule wenye mabua manene na vijani vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Ni mmea wa kwetu. Porini huota kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kushuka hadi mashariki ya Afrika Kusini. Chini ya udongo una viazi vinono vya kuhifadhi maji, na ukame ukizidi hudondosha vijani vyake na kutulia hadi mvua irudi. Umaarufu wake wa sebuleni ulikuja miaka ya 1990, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Nikiuona unauzwa kwa bei ya kutisha kama kitu kilichotoka ng'ambo, roho inaniuma.

Wa pili ni sanseviera, wenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Huu hufungua vitundu vya majani yake usiku, kukiwa kumepoa, na mchana wa jua huvifunga, ndiyo maana haupotezi maji ovyo. Ule wenye kingo za njano asili yake ni Afrika Magharibi, lakini ndugu zake wa porini wapo kwenye nyika zetu, na nyuzi zao zilisokotwa kamba hata kabla mkonge wa mashambani haujaletwa Tanganyika mwaka 1893.

Mani planti, ule unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, unafaa kwa anayekumbuka mara mojamoja, kwa sababu unasema: ukisikia kiu unalegea, ukipata maji unasimama kesho yake. Mmea wa buibui, wenye majani membamba marefu yanayoinama, nao ni mvumilivu. Mshubiri ununue tu kama una dirisha linalopata jua la kweli, maana kwenye kivuli hurefuka, hudhoofika, kisha huanguka.

Kwa walio bize sishauri ua la Usambara, lile dogo la zambarau lililopelekwa Ulaya na Mjerumani Walter von Saint Paul mwaka 1892. Ni fahari ya milima yetu na nalipenda sana. Lakini linataka unyevu wa kadiri siku zote, na maji baridi yakigusa majani yanaacha madoa. Lisubiri ukistaafu.

Hatua ya 2: Chungu na udongo

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Hapo sina mjadala. Kama umependa chungu kizuri kisicho na tundu, panda kwenye kopo la plastiki lililotobolewa, kisha lisimamishe ndani ya hicho kizuri. Usichukue chungu kikubwa ukidhani unaufanyia mmea hisani. Kizidi mche kwa vidole viwili tu pande zote, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu.

Udongo wa kwenye kiriba cha muuza miche mara nyingi ni mzito, unashika kama tope. Changanya upya: udongo mweusi sehemu mbili, mboji moja, mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa sehemu mbili. Mchanga wa pwani uache ufukweni, una chumvi. Ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke" haisaidii. Maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, yakawa karibu zaidi na mizizi. Hizo kokoto ziponde ndogondogo uzichanganye na udongo wote.

Hatua ya 3: Mwanga

Kaa mahali unapotaka kuuweka mmea, saa sita mchana, taa zimezimwa, ufungue gazeti. Ukisoma bila taabu, ZZ, sanseviera na mani planti wataishi hapo. Usipoona maandishi, hakuna mmea utakaodumu hapo, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 4: Maji, kwa siku maalumu na kwa mtu mmoja

Teua mtu mmoja wa kumwagilia, wengine wote waambiwe waache. Kisha ifungamanishe kazi hiyo na jambo ambalo huwezi kulikosa. Kwangu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Nikishafagia nje, ZZ na sanseviera wanapata maji, basi hadi mwezi ujao. Mani planti na buibui nawaangalia kila baada ya siku kumi hivi.

Kabla ya kumwaga, chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke hadi chini ya chungu, ukichomoe. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, ahirisha, hata kama ni siku yake. Masika, hewa ikiwa nzito, mimi huwapitisha ZZ hadi wiki sita. Siku ya kumwagilia, mwaga hadi maji yatoke chini. Kikombe nusu kila siku hulowesha juu tu.

Hatua ya 5: Kisahani

Hili naomba mlichukulie kwa uzito. Maji yaliyobaki kwenye kisahani cha chini ni mazalia ya Aedes, mbu mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza dengue. Dar es Salaam tuliumia mwaka 2014 na tena 2019. Yai linaweza kufika kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo kisahani kilichosahauliwa wiki mbili kinatosha kabisa. Robo saa baada ya kumwagilia, kimwage. Mayai yake hung'ang'ania ukingoni hata pakikauka, basi kisugue kwa brashi.

Mengine ni madogo. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi ukikumbuka, na mbolea ya maji mara mbili kwa mwaka, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Samadi ndani ya nyumba italeta vijidudu.

Maswali ya wanakikundi

*Arusha: Mwalimu, buibui wangu haukosi maji wala kivuli, lakini ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Nimebadilisha udongo mara mbili.*

Dada yangu, nadhani udongo umeusingizia. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floridi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia. Buibui na jamii ya dracaena, mimea ya ndani yenye majani marefu, huilimbikiza kwenye ncha za majani na kuungua. Kinga maji ya mvua utumie hayo. Kuchemsha hakusaidii, floridi haiondoki kwa moto. Ncha zilizokwisha kauka hazitarudi, zikate kwa mkasi. Uangalie majani mapya. Walio pwani wenye maji ya kisima yenye chumvi, dawa ni hiyohiyo, au maji yanayodondoka kwenye AC.

*Morogoro: Mama mkwe kakataza mimea chumbani, anasema usiku inavuta hewa na tutakosa pumzi. Ni kweli?*

Mmea hupumua usiku, hapo mama hakukosea. Ila kiasi chake ni kidogo mno, mtu mmoja anayelala kando yako anatumia hewa nyingi kuliko vyungu vyote vya chumbani. Msalimie, umweleze kwa upole. Na nisiwe mwongo upande wa pili: ule utafiti wa NASA wa 1989 unaotumiwa na wauzaji kudai mmea unasafisha hewa ulifanywa kwenye visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha kwamba nyumbani ungehitaji mimea kumi au zaidi kwa kila mita moja ya mraba ili ufikie kazi ya hewa inayopita nyumbani kwa kawaida. Weka mmea kwa sababu unaupenda, na dirisha lifunguliwe.

*Tanga: Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu, kila kitu mdomoni. Niweke upi?*

Shikamoo bibi. Weka buibui, hauna sumu. ZZ na mani planti vina vijisindano vidogo sana ndani ya majani, mtoto akitafuna mdomo utawaka na huenda ukavimba. Sanseviera nao husumbua tumbo. Hivyo viwekwe juu asikofika, na mani planti usining'inie hadi kwenye mkono wake. Akishatafuna, msafishe mdomo na umpe maji. Akivimba au akishindwa kumeza, hospitali mara moja.

*Mbezi: ZZ yangu inageuka njano kuanzia chini, na bua moja limelainika kama ndizi iliyoiva sana.*

Kaka, huo umelewa maji. Utoe leo. Kata kila kilicholainika, mizizi na viazi, hadi ubaki na vigumu vyeupe. Uache kivulini siku mbili vidonda vikauke, panda kwenye udongo mkavu wenye mchanga, usimwagie hadi wiki ipite. Wakati huohuo chomeka vijani vitatu vinne vizima kwenye kopo la mchanga kama akiba. Vitachukua miezi kutoa kiazi, usivifukuefukue.

*Maskati: Kila kiangazi tunakwenda Unguja mwezi mzima. Nyumba inafungwa na AC inazimwa. Nina ZZ, sanseviera na mani planti.*

Kiu ya mwezi mmoja wawili wa kwanza wanaiweza. Hofu yangu ni joto la kwenye kioo. Siku tatu kabla ya safari wamwagie vizuri, wachuje, kisha wahamishie katikati ya nyumba, mbali na dirisha. Mani planti mpe jirani, au kata vipande vyenye vifundo uwaachie ndani ya chupa ya maji, mdomo umezibwa kwa pamba. Huota mizizi humohumo. Ukirudi ukute vijani vya ZZ vimedondoka sakafuni, usitupe chungu. Bonyeza udongo uvitafute viazi, vikiwa vigumu, mwagia maji mara moja, kisha mpe wiki kadhaa.