Somo: Kumlea kwa muda mbwa wa mbio aliyestaafu hadi apate nyumba ya kudumu

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa wale mnaoishi Uingereza na mlioomba kuelezwa jinsi ya kumpokea nyumbani grehaundi aliyemaliza mashindano, mkakaa naye na kumtafutia familia ya kudumu. Mbwa hawa hukimbia katika viwanja kama vya Romford, Towcester na Sheffield wakimfukuza sungura wa bandia, na wengi wao wamezaliwa Ireland. Kwa kawaida hustaafu kabla ya kutimiza miaka mitano, wengine mapema zaidi kwa kuvunjika mguu, ilhali anayetunzwa vizuri huweza kufika miaka 12 au zaidi. Sehemu kubwa ya maisha yake basi iko mbele yake.

Shirika la Greyhound Trust limekuwa likiwatafutia makazi tangu 1975, na tangu 2020 bodi ya mchezo huo, GBGB, ina mpango ambao mmiliki na bodi huweka dhamana ya fedha mbwa anaposajiliwa, ili ikifika siku ya kustaafu fedha hizo zisaidie kituo kitakachompokea. Hata hivyo kituo hakiwezi kujua mbwa ataishije sebuleni, kwa sababu mbwa aliyekulia kwenye mabanda hajawahi kuiona sebule. Kazi ya mlezi wa muda ndiyo hiyo: kumjua mbwa ndani ya nyumba, kisha kumweleza kwa ukweli ili apelekwe panapomfaa.

Hatua ya kwanza: nyumba kabla ya mbwa

Bandika vipande vya karatasi au utepe kwenye milango ya kioo, kwa usawa wa macho ya mbwa, kwa sababu hajui kioo ni nini na anaweza kukivamia kwa kasi. Kagua uzio wa bustani. Futi tano hadi sita zinatosha, mradi hakuna pengo chini wala lango lisilofungika. Chakula kisiachwe juu ya meza ya jikoni, kwani pua yake inafika huko bila kuruka. Tandika godoro nene: mwili wake hauna mafuta ya kutosha, na akilala sakafuni mifupa ya viwiko hupata vidonda.

Hatua ya pili: siku ya kuwasili

Kichwa cha grehaundi ni chembamba kuliko shingo yake, hivyo kola ya kawaida hutoka akirudi nyuma kwa hofu. Tumia kola pana inayojikaza yenyewe akivuta, uivalishe juu ya shingo, karibu na masikio, na uhakikishe kwamba hata inapojikaza haiwezi kupita kichwani. Kabla hujamwingiza ndani, mzungushe bustanini akiwa na kamba mpaka ajisaidie. Mlangoni huenda akasimama tu, mguu mmoja umeinuliwa, akikodolea kizingiti. Usimvute. Ingia wewe kwanza, geuka ubavu, umngoje.

Soma masikio yake pia. Waliosajiliwa Ireland wana alama za wino masikio yote mawili, na waliosajiliwa Uingereza huwa nazo sikio moja. Zilinganishe alama hizo na karatasi zake na namba ya chipu iliyo chini ya ngozi yake siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: ngazi

Hili huwasumbua walezi wengi, na wengi huharibu kwa haraka. Mbwa huyu ana nguvu ya kutosha. Asichojua ni mpangilio wa miguu. Anza kwa kupanda, si kushuka. Mtu mmoja ashike kamba mbele bila kuivuta, mwingine asimame nyuma, mapaja yake yakigusa makalio ya mbwa ili asirudi. Inua mguu wa mbele uuweke kwenye kidato, kisha wa nyuma, kimoja baada ya kingine, ukisema naye kwa sauti ya chini. Kushuka ni kugumu zaidi, kwa kuwa hupenda kuruka vidato vyote kwa mara moja, na huko ndiko miguu inakovunjika; mkono wako mmoja uwe kwenye kola, mwingine umzuie kifua. Ngazi za mbao zisizo na zulia zifunge kabisa mpaka azoee.

Hatua ya nne: afya

Mweleze daktari wa mifugo waziwazi kwamba huyu ni grehaundi, na uulize kama amewahi kuwatibu. Damu yao haifanani na ya mbwa wengine: chembe nyekundu huwa nyingi, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) huwa chache, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) huwa juu kidogo, na homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, huwa chini hata kwa mbwa asiye mgonjwa. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumwanzishia dawa ya thairoidi ya maisha bila ugonjwa wowote. Jambo zito zaidi ni nusukaputi. Ini la grehaundi huchukua muda mrefu kuziondoa mwilini dawa za usingizi za jamii ya barbiturati, kwa hiyo anaweza kukawia sana kuzinduka. Dawa salama zipo, ila ni lazima lisemwe kabla ya upasuaji.

Mengine ni ya kutazama kwa macho. Meno mara nyingi huwa mabovu na huhitaji kusafishwa mapema. Akichechemea barabarani lakini akatembea vizuri kwenye nyasi, chunguza nyayo, maana sugu ndogo katikati ya kidole huuma sana. Kuchechemea kusikoisha, hasa kwa mbwa mwenye umri mkubwa, kusipuuzwe, kwani saratani ya mifupa huwapata mbwa hawa zaidi kuliko mbwa wa jamii nyingi nyingine.

Hatua ya tano: kumsoma mbwa

Kwenye mabanda hakuwahi kuwa peke yake. Mzoeshe upweke kidogo kidogo: toka chumbani, rudi kabla hajalia, kisha ongeza muda. Akilala, hata macho yakiwa nusu wazi, mwite jina kwanza na usimguse. Baadhi hushtuka na kung'ata kabla hawajajua walipo. Kuhusu paka na mbwa wadogo, mjaribu akiwa na kamba na kikapu cha mdomoni, ambacho amekizoea tangu mashindanoni. Mbwa anayegeuza uso akiitwa ana matumaini. Anayekakamaa na kukazia macho bila kusikia jina lake asiishi na paka, na liandikwe hivyo.

Hatua ya sita: kumweleza na kumkabidhi

Andika ulichokiona, si unachotumaini. "Hulia akiachwa zaidi ya saa mbili" humsaidia mbwa kuliko "ni mpole sana", kwa sababu familia inayokaa nyumbani mchana itajitambua hapo. Waulize waombaji kuhusu saa zao za kazi, ruhusa ya mwenye nyumba, watoto, wanyama wengine na uzio, na uwatembelee. Siku ya kumkabidhi, badilisheni taarifa za chipu na kidani cha kolani, kisha mkataba useme kwamba, likitokea lolote, mbwa hurudi kituoni.

Maswali ya wanachama

*Dada, shikamoo. Naweza kumfungua kamba kwenye bustani ya umma?*

Marahaba. Hapana. Hufikia kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa baada ya hatua chache tu, na akimwona kindi ng'ambo ya barabara hasikii tena jina lake. Tafuta uwanja wa kukodi uliozungushiwa uzio.

*Anakataa kuketi nikimwamuru. Ni mkaidi?*

Si mkaidi. Misuli ya mapaja yake ni mikubwa na kuketi humsumbua. Mfundishe kusimama na kungoja.

*Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii hapa Birmingham. Wanangu wanataka sana tumlee mmoja. Tufanyeje?*

Hukumu ya kufuga ndani na ya twahara (usafi wa ibada) muulizeni sheikh wenu kwanza, na mkubaliane nyumba nzima kabla mbwa hajafika. Kwa upande wa matunzo, grehaundi kwa kawaida hatoi mate mengi, na anaweza kupewa chumba chenye sakafu inayooshwa, huku chumba cha swala kikiwekewa kizuizi mlangoni. Msipokubaliana, vituo vinahitaji sana watu wa kuwatembeza mbwa na kuwasafirisha kwenda kwa daktari, na watoto wenu watapata nafasi ya kuwa nao huko.

*Jirani zangu wa Leicester hupiga fataki kuanzia Diwali hadi tarehe 5 Novemba. Nimpokee sasa?*

Subiri zipite, kaka, au mpokee wiki kadhaa kabla. Mbwa anayesikia fataki usiku wake wa kwanza huweza kuogopa bustani kwa miezi, na atakayeirithi hofu hiyo ni familia inayokuja.

*Nikimpenda nikashindwa kumtoa?*

Omba umchukue wewe, kwa utaratibu uleule wa waombaji wengine. Waambie kituo mapema, kabla hawajaanza kumtangaza kwa familia nyingine.