Kuandika riwaya ya vituko vya bandari ya dhahabu: San Francisco, 1849

Hatua ya 1: Funga tarehe kabla hujampa mhusika jina

"Enzi za dhahabu" haitoshi. Dhahabu ilionekana Coloma, California, Januari 24, 1848, na Rais Polk wa Marekani akaithibitisha mbele ya Bunge Desemba mwaka huohuo. Aliyeondoka New York Januari 1849 na kuzunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, alikaa baharini miezi mitano hadi minane. Ukimshusha San Francisco mwezi Machi, umempandisha ndege. Njia ya kukatiza nchi kavu Panama ilikuwa fupi, lakini meli ya mvuke ya kwanza, iliyoitwa California, ilitia nanga San Francisco Februari 28, 1849. Waliowahi mwaka 1848 walitoka jirani zaidi: Hawaii, Oregon, Mexico, Peru, Chile. Mhusika wa Chile atakuondolea shida nyingi za kalenda.

Hatua ya 2: Chora ramani, na uweke maji mahali pake

Hapa ndipo riwaya nyingi huzama. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji la leo ilikuwa Ghuba ya Yerba Buena, na ufuko ulipita karibu na Montgomery Street. Mabaharia walitoroka kwenda machimboni, mamia ya merikebu zikabaki bila watu. Niantic, iliyokuwa ya kuvulia nyangumi, ilifika Julai 1849, ikavutwa hadi kona ya Clay na Sansome, ikawa ghala kisha hoteli. Euphemia ikawa jela. Kati ya gati na gati mchanga ulimwagwa mpaka maji yakawa mtaa.

Kwa hiyo andika tarehe pembeni mwa kila jengo. Niantic iliteketea katika moto wa Mei 1851. Tukio la Juni ndani yake halipo.

Kumbuka pia maji kupwa. Usiandike "bandari ilijaa merikebu." Andika: "Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikakwama kwenye tope hatua thelathini kutoka ngazi ya gati, na mzigo ukalazimika kubebwa begani." Sasa anayefukuzwa ana tatizo.

Hatua ya 3: Pima dhahabu

Mjini humo aunsi moja ya dhahabu (gramu 31 hivi) ilihesabiwa kama dola 16. Sanduku la dola 10,000 basi ni aunsi 625, karibu kilo 19 na nusu, yaani uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, lakini limebanana hadi kutosha mkobani. Shujaa anayeruka nalo kutoka merikebu hadi merikebu atatumbukia, na akitumbukia hataibuka nalo. Mpunguzie, au mpe mwenzake. Kugawana mzigo huzaa usaliti wenyewe, bila wewe kuutafuta.

Hatua ya 4: Safisha msamiati

Nyingi ya merikebu hizi zilikuwa na milingoti miwili au mitatu na matanga ya mraba. Ukiita jahazi, msomaji wa Lamu ataona tanga moja kubwa la pembe na foromali (mti unaobeba tanga) iliyoinama, na picha yote imeharibika. Nahodha, nanga, ngama (chini kabisa ndani ya chombo), omo (mbele) na tezi (nyuma) tumia bila wasiwasi. Kusi na kaskazi ziache huku kwetu: pale mtu hukabiliwa na ukungu na upepo wa magharibi wa alasiri za kiangazi. Julai ya San Francisco ni baridi, kwa hiyo usimvue mtu shati.