Kuanza Darasa la Maigizo: Mwili, Sauti na Nia Jukwaani

Kabla ya kusema neno, jua umesimama wapi. Kulia na kushoto jukwaani huhesabiwa kwa upande wa mwigizaji anayeielekea hadhira, si kwa upande wa watazamaji. Mbele ni karibu na watu, nyuma ni mbali nao. Ligawe jukwaa sehemu 9, tatu kwa tatu, na uzipe vifupisho kwenye muswada: MKL mbele kulia, KK katikati, NKS nyuma kushoto, na kadhalika. Andika kwa penseli, maana mwongozaji atabadilisha miendo hadi wiki ya mwisho, na ukurasa wenye wino uliokatwakatwa hausomeki gizani.

Unapozungumza na mwenzako, usimkabili moja kwa moja kama mko barazani kwenu. Fungua mwili nusu kuelekea hadhira: mguu ulio upande wa watu uelekee kona ya mbele ya jukwaa, macho yabaki kwa mwenzako. Simameni kina kimoja, yaani umbali sawa kutoka kwa hadhira. Ukirudi nyuma yake hata hatua mbili, atalazimika kugeuka ili akutazame, na watu wataona kisogo chake mpaka mwisho wa onyesho. Wanaoanza hufanya hivi bila kukusudia, kwa sababu wanarudi nyuma wakiwa na woga. Kosa la pili ni kujipanga mstari mmoja kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Vunjeni mstari huo: mmoja akae, mmoja asogee, pembetatu itokee.

Kuna kanuni ya jukwaa isemayo kwamba ukitoa kitu, ukitoe kwa mkono ulio mbali na hadhira ili usijizibe kifua. Huku Lamu kanuni hiyo inagongana na adabu, kwa kuwa anayempa mzee kikombe kwa mkono wa kushoto amemtukana, na hadhira itacheka au itakasirika. Suluhisho ni kupanga nafasi mapema: mtoaji asimame upande wa kushoto wa jukwaa, akitazama kulia. Hapo mkono wake wa kulia ndio ulio mbali na watu. Mpokeaji ashushe kiwiko asijifunike. Vivyo hivyo kumbusu mtu mzima mkono: sema salamu kwanza, kisha uiname, la sivyo maneno yatazama kwenye kanzu ya mwenzako. Na wapo wanafunzi wasiotaka kuguswa na asiye maharimu wao. Hilo lizungumzwe siku ya kwanza ya mazoezi, si jukwaani. Kumbatio linaweza kuwa hatua mbili za haraka zinazokatika ghafla, na mara nyingi hilo huuma zaidi.

Sasa sauti, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Mwanafunzi akiambiwa hasikiki, hupayuka. Kupayuka hutoka kooni: koo hukaza, sauti hupanda, konsonanti huvurugika, na siku ya tatu amekauka. Nguvu inatakiwa itoke kwenye pumzi. Lala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa, mkono mmoja tumboni chini ya mbavu. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4. Mkono unyanyuke, mabega yasitikisike. Toa pumzi kwa "sss" nyembamba kwa hesabu ya 15, na baada ya wiki mbili tafuta 25. Sauti ikikatika mwishoni, ulimwaga hewa nyingi mwanzoni. Rudia kwa "zzz", kisha kwa "mmm" mpaka midomo iwashe, kisha fungua: ma, me, mi, mo, mu. Ukimaliza, simama ufanye yote tena. Dakika 10 kila siku zinatosha, lakini ziwe kila siku.

Kiswahili kina mtego wake. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho huelekea kuzama, hasa mwisho wa sentensi pumzi inapopungua. Mtazamaji wa safu ya nyuma hatajua kama bwana "amepiga" au "amepigwa", wala kama mtoto "amelia" au "ameliwa". Mweke mwenzako mwisho wa ua, akupe mgongo. Soma mistari yako, naye anyooshe mkono kila anapopoteza neno. Asikuambie uongeze sauti, anyooshe mkono tu. Utagundua mwenyewe kwamba tiba ni kumaliza maneno. Vitanza ndimi kama "kale kakuku ka kaka kako wapi, kaka" vinafaa kulainisha ulimi, mradi uanze polepole. Anayevikimbiza tangu mwanzo anajizoeza kubabaika. Jambo jingine: chagueni kama mhusika anasema Kiamu, lahaja ya Lamu, au Kiswahili sanifu, na mshike hilo. Mhusika mmoja akisema "mato" katika tendo la kwanza na "macho" katika la pili, watu wa hapa wataacha kumsikiliza na kuanza kumsahihisha.

Kuigiza kwenyewe si kuonyesha huzuni. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwataka waigizaji waanze na "lau": lau ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Jibu liwe kitenzi kinachomfikia mtu mwingine. Sarufi yetu inatupa kipimo kizuri: kitenzi kisichopokea kiambishi cha mtendwa, kama -m-, hakiigiziki. "Kuhuzunika" hukuacha umesimama na uso uliokunjamana. "Kumhuzunisha", "kumbembeleza", "kumtisha", "kumhadaa", hivi vinakupa kazi ya kufanya.

Zoezi linalofaa sana eneo hili ni kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani, akiwa gerezani Pate. Saada, mjakazi wa mamake, yuko nje. Walinzi wanasikia kila neno. Liyongo lazima atume ujumbe kwa shairi: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Chukueni watu watatu, dakika 3, na kila mmoja aandike mambo matatu: nataka nini, kutoka kwa nani, nini kinanizuia. Liyongo anataka kumfahamisha Saada bila kumshtua mlinzi. Saada anataka kuyahifadhi maneno bila kuonekana anayahifadhi. Mlinzi naye, na hapa ndipo zoezi huharibika, asiwe sanamu wala mjinga. Ndiye anayekula vyakula vizuri vinavyoletwa na kuudharau mkate wa wishwa, basi ana njaa na ana tamaa. Mpe hayo.

Mwanafunzi wa kwanza kumwigiza Liyongo hukonyeza. Mzuieni. Akikonyeza, kila mtu ameona, mlinzi analazimika kujifanya kipofu, na hatari yote imekwisha. Aimbe kwa mlinzi, amwachie Saada kazi ya kufahamu. Kisha wekeni mkwaju (/) kwenye muswada kila mahali nia inapobadilika, na juu ya kila kipande andikeni kitenzi kimoja. Mkifika kwenye ngoma ya gungu, Liyongo anapokata minyororo akifichwa na kelele za ngoma na matasa ya shaba, wapiga ngoma wawepo tangu mazoezi ya kwanza, kwa sababu tupa inasugua ngoma ikipanda na kusita ikishuka. Hilo halipatikani usiku mmoja.

Kukariri kuje baada ya miendo, si kabla. Mwili ukijua kwamba mstari huu husemwa ukikaa, utakukumbusha. Funika mstari wako kwa karatasi, soma maneno ya mwisho ya mwenzako, jibu, ndipo ufunue. Wanaokariri ya kwao tu hukwama, maana hawajui zamu yao inaanzia wapi.

Maleba yavaliwe mapema, angalau kanzu na buibui. Kanzu ndefu hukanyagwa kwenye ngazi, na mwenye kujifunika uso amebakiwa na kichwa, mikono na sauti, hivyo anahitaji muda wa kuvizoea. Usikalishe mtu mkekani mbele ya ukumbi wenye sakafu tambarare: kuanzia safu ya tatu hataonekana. Tumieni kiti au baraza.

Mkiigiza nje, kwa mfano uani mwa Ngome ya Lamu au bustanini Malindi, anzeni kwa kutazama upepo. Hadhira ikae upande upepo unakoelekea, ili ubebe sauti badala ya kuirudisha. Alasiri msiwapange waigizaji wakielekea magharibi, watakunja macho. Kati ya Maghrib na Isha kuna saa moja na kidogo tu, kwa hiyo mchezo mrefu uanze baada ya Isha. Adhana ikiingia, tulieni mlipo bila kutoka ndani ya wahusika, kisha mwendelee kutoka mstari uliotangulia. Punda akilia, hali kadhalika, ingawa punda hana ratiba.

Mstari ukikutoka, usitazame mwongozaji wala usiombe radhi. Vuta pumzi, mtazame mwenzako, ujiulize unataka nini kwake. Ukikosa kabisa, sema jambo hilo kwa maneno yako, naye akurudishe kwa swali. Jizoezeni hili darasani: mmoja aruke mstari makusudi, mwenzake amwokoe, bila kusimamisha mchezo.