Panya kwenye boneti: namna ya kuilinda gari inayolala muda mrefu

Desemba moja tulienda Moshi kula sikukuu kama kawaida, tukapanda basi maana mafuta ya kwenda na kurudi yangemaliza hela ya mbuzi, IST nikaiacha uani Tabata chini ya mwembe. Wiki tatu. Tumerudi Januari nawasha gari, inawaka ila inatetemeka kama ina homa, taa ya cheki injini hiyo, nguvu ya kutoka getini haina. Nikafungua boneti. Juu ya lile kava la plastiki la injini kuna kokwa la embe limeguguniwa mpaka limekuwa jeupe, pembeni rundo la sponji, ile ya chini ya boneti imekwanguliwa, ikachanganywa na tishu na karatasi ya ubuyu, katikati pamefinyangwa shimo la mviringo safi kabisa kama kikombe. Kitanda cha mtu. Waya mbili za koili zimekatwa, ya tatu imebaki shaba tupu. Fundi umeme kachungulia akaguna, "kaka, ulipangisha bila mkataba".

Na hilo neno ndo limenifundisha kuliko vyote nilivyosoma, kwa sababu wengi tunadhani panya anafuata waya. Hafuati waya, anafuata chumba. Kwenye injini kuna giza, kuna joto (ukipaki usiku inakaa na uvuguvugu masaa kadhaa), mvua haifiki, paka haingii kirahisi. Akishahamia ndo anaanza kutafuna kilichopo, maana meno yake ya mbele hayaachi kuota maisha yake yote, lazima ayasage, na waya ipo palepale mdomoni. Kuna wanaosema magari ya siku hizi yana waya za mpira uliotokana na soya ndo maana zinaliwa, Marekani watu walishafikishana mahakamani kwa hilo, lakini mimi nimeona Land Rover ya mzee mmoja ya miaka ya themanini imeliwa vilevile, kwahiyo sipotezi muda kwenye soya.

Kwanza jua kama tayari unaye. Chukua tochi usiku, fungua boneti, angalia juu ya betri, kwenye kona za karibu na kioo cha mbele, na kwenye boksi la ekliina (filta ya hewa ya injini), humo wanapapenda sana. Mavi madogo kama punje za mchele mweusi, manyoya, maganda ya karanga. Kisha fungua drowa ya dashibodi upande wa abiria, nyuma yake kwenye gari nyingi ndo ilipo filta ya AC, itoe uitazame. Ukiwasha AC na gari inanuka mkojo basi usijidanganye ni vumbi. Na usichukulie poa, mimba ya panya ni kama siku 21 mpaka 23, yaani zile wiki tatu zangu za sikukuu zilitosha kabisa mama kuingia na mzigo na kuzaa humohumo.

Ukimkuta, usianze kupuliza na kompresa wala kufagia vikavu. Mnakumbuka Julai 2022 ile homa iliyotokea Ruangwa kule Lindi, watu 3 wakafariki, ikaja kujulikana ni homa ya mgunda, vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama na panya wamo. Vaa glavu na barakoa, chomoa kichwa cha hasi cha betri, changanya Jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, lowesha kiota na mavi, subiri dakika tano hivi, ndo uokote kwa tishu na kutia kwenye mfuko. Sehemu za umeme usimwagie, pitisha kitambaa tu. Filta ya AC iliyokojolewa usioshe, tupa, nunua nyingine. Halafu futa na injini yote, sio kwa ajili ya urembo, harufu ya mkojo ndo kibao cha "chumba kipo" kwa panya anayefuata. Hawa viumbe pua zao si za mchezo, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, mmoja anaitwa Magawa alipelekwa Kambodia akafanya kazi mpaka akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Panya wa kwako hana medali ila chipsi zilizodondoka chini ya siti anazisikia vizuri tu.

Kabla hujawasha tena nusa. Kama kuna harufu ya petroli usiguse swichi, mipira ya mafuta nayo wanaitafuna, hapo unaita fundi gari ilipo. Na kama una haibridi, Aqua, Prius na wenzake, waya zozote za rangi ya chungwa usizishike hata kwa kujaribu, huo ni umeme mkubwa unaua, mwachie mwenye ujuzi nazo. Waya za kawaida zikishaungwa mwambie fundi asiishie kuzungusha solotepu, avalishe lile bomba la plastiki lenye mikunjo. Honda wana tepu yao iliyotiwa ukali wa pilipili maalum kwa kazi hii, ukipata mtu wa kukuletea zungushia pale palipoliwa.

Sasa kazi yenyewe, na kazi yenyewe haipo kwenye gari, ipo uani. Mimi nilikuwa na mwembe, nilikuwa na banda la kuku na gunia la pumba limeegemea ukuta mita mbili kutoka kwenye bampa, na rundo la mbao za ujenzi uliokwama tangu enzi hizo. Yaani nilimjengea panya hoteli, mgahawa, na kituo cha daladala. Pumba nikaitia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Maembe yaliyoanguka yanaokotwa kila asubuhi, hiyo ni kazi ya watoto. Mbao nikaziinua juu ya matofali ili chini paonekane. Gari nikaitoa ukutani, panya hapendi kukatiza eneo la wazi, anatembea akisugua ubavu ukutani, ukimwachia mita mbili tatu za sementi tupu kila upande anajifikiria mara mbili. Nyasi chini ya gari kata. Na ndani ya gari ondoa mchele, karanga, biskuti za watoto, hata ule mfuko wa unga uliosahau kwenye buti.

Mitego ndo inafuata. Ile ya mbao ya kubana, ya zamani, ndo bora. Tega kando ya ukuta, upande wa chambo ukiangalia ukuta, usitege katikati ya uwanja kama unategea mbwa. Chambo changu ni kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa, nakifunga na uzi ili asiibe akasepa. Siku mbili tatu za mwanzo weka na chambo bila kuutega, panya mkubwa ana woga wa kitu kigeni, muache azoee kula halafu ndo utege, na utege minne mitano kwa pamoja. Watoto na kuku wasifike. Gundi mimi siipendi, analia usiku kucha na wewe hulali.

Sumu je? Wale jamaa wanaopita na spika "sumu ya panya, mende, kunguni", mimi nimeacha. Sumu zinazozuia damu kuganda zinachukua siku kadhaa kumuua, na akizidiwa anarudi nyumbani, nyumbani kwenyewe ni dashibodi yako. Mzoga ukiozea kwenye njia ya hewa ya AC utashusha dashi nzima, gharama yake utalia. Halafu paka akimla naye anadhurika, na bundi pia. Kwetu bundi akitua mwembeni watu wanaokota mawe, eti mchawi, wakati yule ndo askari wa zamu ya usiku bila mshahara. Muacheni.

Kuziba matundu inasaidia ila kwa akili. Panya wadogo wa nyumbani wanapita kwenye uwazi wa milimita 6, upana wa penseli, kwahiyo wavu wa kuku ni geti lililofunguliwa, tafuta wavu wa chuma wa matundu ya robo inchi. Weka kwenye mdomo wa bomba la hewa ya injini na kwenye ile grili ya chini ya waipa AC inapovutia hewa, na usizibe kabisa, injini lazima ipumue. Kuna watu wanasokomeza ile waya ya kusugulia masufuria kila tundu, karibu na betri usithubutu, shoti yake ni moto.

Kuhusu dawa za kupulizia, pilipili kichaa iliyochemshwa na sabuni kidogo inasaidia wiki moja hivi kisha inakauka, na uangalie isiguse mkanda wa feni. Mafuta ya minti ni hivyohivyo, yanapaa haraka. Nafthalini kwenye kabini hapana, mvuke wake unaumiza wewe kabla ya panya. Mafuta ya taa au dizeli kwenye injini, aisee, hiyo ni kuchoma gari kwa mikono yako. Vile vimashine vya sauti isiyosikika mimi nilinunua kimoja nikakichomeka karibu na gari, wiki ya pili nikakuta mavi juu yake. Baadae nikaja kusoma kwamba Marekani mwaka 2001 serikali ilishawaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vitu hivyo, watoe ushahidi wa wanayoyatangaza.

Bima pia msitegemee, thadi pati haikuhusu kabisa, na mwenye bima kubwa asome mkataba wake, zipo zinazoutenga uharibifu wa panya moja kwa moja.

Ukisafiri muachie mtu funguo. Kila baada ya siku mbili tatu aje, afungue boneti amulike, awashe, aizungushe mtaani robo saa, kuwasha tu na kuzima haitoshi maana unampashia panya kitanda. Kama haitatembea kabisa basi boneti ibaki wazi, ila hii ni kwa gari iliyo chini ya paa na ndani ya geti, mwanga na upepo vinamnyima raha. Desemba iliyopita nilimwachia mpwa wangu, elfu tano kila akija na picha ya injini kwenye WhatsApp kama risiti. Picha ya nne nikaona vipunje vitatu juu ya betri, nikamwambia atege mitego usiku huohuo. Asubuhi akanitumia picha nyingine, sikuwaonyesha watoto.

Na kabla ya kuwasha agonge boneti mara mbili, apige na honi moja. Sio kwa ajili ya panya, ni kwa ajili ya paka wa jirani, ambaye tangu panya waishe amehamia yeye.