Kuchagua Shanta Moja la Msituni, Horini na Baharini: Mwongozo kwa Watembezi wa Malindi

Mtu anayeishi Malindi anaweza kuamkia katika msitu wa Arabuko-Sokoke akitazama ndege, akashinda Hori ya Mida maji yanapokupwa, na wiki inayofuata akapanda kwenda Marafa kulala karibu na yale makorongo ya Nyari. Si wengi wetu tunaoweza kununua shanta, yaani begi la mgongoni, tofauti kwa kila safari. Mwongozo huu unahusu namna ya kuchagua shanta moja litakalofaa kwa safari zote hizo, likastahimili chumvi na unyevu wa Pwani.

Mashanta mengi yaliyo imara kweli yameundwa kwa ajili ya wawindaji wa nchi za nje. Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu vikali anayewinda kwa ajili ya nyama, hivyo hakuna anayelihitaji shanta hilo kwa kazi yake ya asili. Hata hivyo, mahitaji ya mwindaji yanafanana sana na ya mtazamaji wa ndege au mvuvi wa mshipi: wote hubeba mzigo usio na umbo zuri, hutembea kimyakimya, na hukaa nje tangu alfajiri. Mashanta hayo huwa na fremu ya alumini au plastiki ngumu, na baadhi yao huacha nafasi kati ya fremu na mfuko ambayo mwindaji huifungia nyama. Nafasi hiyohiyo hubeba vizuri stendi ya kamera, hema dogo, au ndoo ya mvuvi yenye kifuniko.

Anza na ukubwa. Kwa matembezi ya kutwa lita 20 hadi 30 zinatosha, na kwa kulala nje usiku mmoja au mbili utahitaji lita 35 hadi 45. Kwa maoni yangu lita 35 zenye mikanda ya pembeni ya kubana ndizo zinazofaa zaidi kwetu, kwa sababu mzigo mdogo ndani ya mfuko mkubwa usiobanwa hucheza na kumyumbisha mtembezi, hasa anapokanyaga matope ya mikoko. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na jua la Marafa halimruhusu mtu kubeba chini ya lita tatu kwa siku. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa, kwa hiyo hakikisha mifuko ya pembeni ina kina cha kutosha kushika chupa nene ya kudumu bila kuiangusha unapoinama.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni urefu wa mgongo, kwa kuwa wanunuzi wengi huangalia urefu wa mwili mzima na kukosea. Inamisha kichwa, utafute kwa kidole mfupa unaotokeza chini ya shingo. Kisha shika kiuno juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mwombe mtu akupime kwa futi ya fundi nguo kuanzia mfupa ule hadi usawa wa vidole gumba, na kipimo hicho ukilinganishe na urefu wa mgongo wa shanta, yaani kutoka inapoanzia mikanda ya mabega hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Baada ya hapo usinunue shanta likiwa tupu. Litie pakiti nne za unga za kilo mbili mbili, zikiwa karibu na mgongo na usawa wa mabega, funga mkanda juu ya nyonga, kisha legeza kidogo mikanda ya mabega. Mzigo ukibaki umekaa nyongani, shanta limekufaa. Ukishuka na kukuvuta nyuma, lirudishe, hata kama bei yake inashawishi.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa shanta la Pwani. Niliwahi kununua begi jipya lenye zipu ya chuma, na baada ya miezi miwili ya kupanda mashua kichwa cha zipu kiliganda kwa kutu, nikalazimika kukata kitambaa kwa kisu ili nitoe darubini mvua ikiwa inanyesha. Tangu siku hiyo nachagua zipu yenye meno mapana ya plastiki, na mabizimu ya plastiki ngumu, au mfuko unaofungwa kwa kukunja mdomo. Kuhusu kitambaa, nailoni ni imara dhidi ya michubuko ya miiba, ilhali poliesta hustahimili jua zaidi.

Anayenunua mitumba, ambayo mara nyingi huwa na mashanta mazuri kuliko ya madukani, aingize mkono ndani na kupapasa kitambaa chote. Utando wa ndani unaozuia maji huoza kwa joto na unyevu. Ukinata vidoleni au kubanduka kama ngozi ya jeraha, shanta hilo halitazuia mvua tena.

Rangi nayo ina uzito wake. Epuka madoadoa ya kijeshi ambayo mashanta ya uwindaji huwa nayo mara nyingi, kwa kuwa raia nchini Kenya haruhusiwi kuvaa yanayofanana na sare za jeshi, na begi la namna hiyo litakuletea maswali yasiyo ya lazima barabarani. Epuka pia buluu iliyokoza na nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o, nao wamo Arabuko-Sokoke. Kahawia au kijani cha majani makavu hufaa. Vilevile kwaruza kitambaa kwa kucha ukisikilize: kinachopiga kelele kitamtorosha sange wa kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu, kabla hujamwona.

Kila urudipo kutoka baharini, lisuuze shanta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua zipu zote, litundike kivulini kichwa chini hadi likauke kabisa, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno ya zipu.