Somo: Koleo na ndugu zake

Koleo, kibano, kibanio, jiliwa, gango. Vyote hushika kitu kisitoroke, na wengi wetu tunavichanganya. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Anza na kitenzi. "Bana" huzaa kibano. "Bania" huzaa kibanio, yaani kitu cha kubania nywele, karatasi au nguo kambani. Ukikosa jina mahususi, sema kibanio. Hutachekwa.

Hatua ya 2: Uliza nguvu inatoka wapi. Siri yote iko hapa. Ikitoka kiganjani, na kifaa kina mikono miwili iliyopishana kwenye egemeo (pale inapozungukia), hilo ni koleo. Mhunzi hushikia chuma cha moto, fundi umeme hukunjia waya (yeye huliita plaizi, nami sigombani naye). Koleo ni wenzo: ukishika mpini sentimita 15 kutoka egemeo, na msumari uko sentimita 3 upande wa pili, msumari unabanwa kwa nguvu karibu mara 5 ya uliyotia. Kibano cha kutolea mwiba ni kinyume chake. Vidole hukandamiza katikati, ncha hupata nguvu ndogo kuliko ya vidole. Kinafaa kwa mwiba, kwa msumari utakipinda bure.

Hatua ya 3: Ondoa mkono. Kama skrubu imeendelea kubana na kifaa kimefungwa mezani, ni jiliwa. Gango nalo huunga vipande viwili visiachane. Limetokana na "ganga", kitenzi kilekile cha mganga na cha "tugange yajayo".

Maswali ya wanachama

— Shikamoo mwalimu. Nilimwagiza kijana koleo, akaniletea la kuchotea mchanga! Nani kakosea?
— Marahaba. Hakuna. Lile pana lenye mpini mrefu nalo ni koleo. Siku nyingine taja na kazi yake: koleo la kubania, koleo la kuchotea.

— Wingi ni koleo au makoleo?
— Koleo hili, makoleo haya. "Koleo hizi" utaisikia kwa mafundi. Kwenye mtihani andika makoleo.

— Na mtu "aliyetiwa kibano"?
— Huyo kabanwa kwa maswali au kwa masharti, chuma hakipo. Ila mimi ningesema katiwa kwenye jiliwa, maana kibano ukilegeza vidole tu kinaachia.