Namna ya Kuandaa Uwanja wa Mazoezi ya Roboti za Mwezini Shuleni

Klabu nyingi za sayansi huanza kwa kuunda gari dogo la roboti, kisha ndipo huhangaika kulitafutia shughuli. Mwalimu anayetaka kuwazoeza vijana wa Uganda kazi za Mwezini augeuze utaratibu huo: kazi itangulie, mtambo ufuate. Watu watakaokwenda kukaa Mwezini hawatahitaji kwanza roboti yenye miguu miwili na sura ya kupendeza. Watahitaji kibarua wa kusawazisha ardhi, kuchimba, kubeba na kurundika udongo juu ya nyumba, kwa sababu Mwezi hauna hewa ya kuwakinga na mnururisho wala na vimondo vidogo, na udongo wenyewe ndio kinga iliyo karibu.

Kazi ninayoipendekeza ni kuandaa kiwanja cha kutulia vyombo. Mnamo Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kilitua takriban mita 160 kutoka kilipokuwa Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotangulia kutua hapo, na vipande vya Surveyor vilivyorudishwa duniani vilionekana vimeparuzwa na mchanga uliorushwa na gesi ya injini. Kama nyumba za watu zingekuwa hapo, zingeparuzwa vivyo hivyo. Wape vijana eneo la mita tatu kwa tatu, waondoe mawe, wasawazishe ardhi, kisha wajenge tuta kulizunguka, na yote hayo yafanywe na mtambo bila mkono wa mtu kugusa udongo.

Udongo ndio unaoamua kama zoezi lina maana. Mchanga wa Lwera wanaoutumia wajenzi haufai sana, kwa kuwa chembe zake zimesuguliwa na maji, ilhali za Mwezini, kusiko na maji wala upepo, zimebaki na ncha kali zinazokwangua vyuma na kupenya kwenye kila kiungo. Marramu nayo hushika unyevu na kugandamana. Nunua vumbi la mawe kutoka machimbo ya kokoto. Walio Kisoro wana bahati zaidi, maana mawe yao ya volkano yana undugu na lava iliyoganda katika nyanda nyeusi za Mwezi. Vumbi hilo lianike likauke kabisa, ulichekeche, kisha ulitandaze chini ya paa lisilovuja kwa kina cha sentimita 20 hivi. Kila anayelishika avae barakoa, kwa sababu vumbi hilo huharibu mapafu. Hata mwanaanga Harrison Schmitt wa Apollo 17 alizibwa pua na vumbi la Mwezi lililoingia chomboni.

Mtambo usikutie gharama kubwa. Mota mbili za waipa za gari kuukuu kutoka soko la Kisekka jijini Kampala, moja kwa kila upande, zina mwendo wa polepole na nguvu ya kutosha; minyororo ya baiskeli huunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, na betri ya pikipiki ya volti 12 huyaendesha yote. Magurudumu yatengenezwe kwa bati na mafundi wa Katwe, yawe na mabapa ya kushika udongo, wala yasivikwe mpira, kwani usiku wa Mwezini joto hushuka chini ya nyuzi -100 za Selsiasi, na mpira wa kawaida ungekakamaa.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni uzito. Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya wa dunia, hivyo mtambo mwepesi hukosa uzito wa kujishikiza unapochimba: badala ya sepeto kuingia ardhini, magurudumu huteleza. Kaza waya wa chuma juu ya mfereji mmoja ulionyooka utakaochimbwa, uning'inize juu yake ufito wenye kapi mbili unaoweza kuteleza, kisha ufunge mtambo wa kilo 12 upande mmoja wa kamba na jiwe la kilo 10 upande wa pili, ili magurudumu yakandamize ardhi kama ya mtambo wa kilo 2 tu. Vijana wataona wenyewe kwa nini wahandisi wa Kennedy Space Center, kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, waliibuni roboti ya RASSOR ikiwa na mapipa mawili ya kuchimbia yanayozunguka kwa kukabiliana, kila moja likifuta msukumo wa mwenzake. Klabu isiyoweza kuunda mapipa hayo na ikwangue udongo sentimita moja moja.

Sasa mweke dereva chumba kingine, aone kwa kamera ya mtambo peke yake. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani. Amri ya redio huchukua takriban sekunde 1.3 kufika, na picha ya matokeo muda kama huo kurudi. Wahandisi wa PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda, iliyoachiliwa Desemba 2022 kutoka kituo cha anga kilichokuwa umbali wa kilomita 400 hivi juu yetu, hawakuwa na shida hiyo. Programu fupi inaweza kuzishikilia amri na picha kwa muda huo. Mahali pasipo na kompyuta, msaidizi mwenye saa apokee amri kwenye karatasi na kuichelewesha. Mara ya kwanza dereva atapinda usukani, asione badiliko, apinde tena, na mtambo utaishia kwenye tuta. Dawa yake ni kutoa amri moja, kusimama, kutazama, kisha kutoa nyingine. Ndivyo Warusi walivyoliendesha gari lao la Mwezini, Lunokhod 1, kutoka Crimea kuanzia Novemba 1970, watu watano kwa zamu moja, wakitegemea picha tuli zilizofika moja moja, na bado lilivuka kilomita 10. Kwa hiyo usimwachie dereva kila kitu: awepo kamanda, mwelekezaji njia na mtunza betri.

Mwanga nao uigizwe. Sisi tuliozoea jua la utosini hatujui taabu ya vivuli virefu, lakini karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, panapotafutwa barafu ya maji, jua hupanda nyuzi moja na nusu tu juu ya upeo, na jiwe la sentimita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 4. Fanyeni zoezi usiku, taa moja ikiwa mita 10 kutoka uwanjani na kimo cha sentimita 26. Umeme ukikatika katikati ya kazi, msiahirishe: roboti ya Mwezini hukosa jua kwa muda wa siku 14 hivi, na roboti ya India, Pragyan, iliyolazwa Septemba 2023 usiku ulipokaribia, haikuamka tena.

Mwisho, ng'oa gurudumu moja na umwambie kijana alirudishe akiwa amevaa glavu nene za fundi wa kuchomelea. Mtambo unaodai skrubu ndogo utakwamia hapo, basi tumieni pini kubwa na vishikizo virefu. Katika kutoa alama, pima usawa wa kiwanja kwa pimamaji, kisha uhesabu amri zilizotumwa. Timu iliyomaliza kwa amri chache ipewe nafasi ya juu kuliko iliyomaliza mapema.